Mama Benchi na Wagonjwa Mia Mbili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Benchi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuandika programu katika ofisi yetu. Mwandishi wa wasifu huu amekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na tisa, na mpaka leo anaazima chaja yake.

Kazi yake kubwa ni ile hospitali ya kwenye kompyuta inayowafundisha wauguzi kupanga foleni. Aliijenga kwa imani moja: kila mtu ajitegemee. Mgonjwa anajua maumivu yake na zamu yake, daktari anajua chumba chake, na hakuna anayepekua mambo ya mwenzake. Kila mmoja hufanya kipande chake cha kazi, hukaa benchi kuwapisha wengine, na akiitwa huendelea pale pale alipoishia, bila kuanza upya. Jina la Mama Benchi lilitoka hapo.

Mwandishi alipoajiriwa, wino wa cheti ukiwa bado mbichi, aliona mambo hayo ni ya kizamani. Akaandika programu ya mnyapara wa kuwazungukia wagonjwa wote mia mbili wa kwenye kompyuta kila sekunde, akimuuliza kila mmoja kama ana jipya. Kompyuta ikaunguruma kama mashine ya kusaga, na mgonjwa wa kwanza akafanikiwa kupiga chafya baada ya dakika nne. Mama Benchi hakumcheka. Alimvutia kiti, akamwonyesha jinsi ya kumwacha mgonjwa akae mpaka tukio lake litokee. Aliyecheka ni mfagizi wetu, na hajamaliza.

Programu ikiganda, Mama Benchi hakuhangaika kusoma mistari yote. Alikuwa na amri yake moja iliyomuuliza kila aliyeko benchi: "Unasubiri nini?" Majibu yakijipanga kwenye skrini, kosa lilijianika lenyewe. Swali hilo alitutupia na sisi, hasa tukizubaa karibu na birika.

Tuje kwenye siku ya maonyesho, miaka kumi na sita iliyopita. Mbele ya wageni kutoka chuo cha wauguzi, hospitali nzima iliganda. Mgonjwa alisubiri daktari amwite, na daktari alisubiri mgonjwa asimame. Adabu tupu! Saa ya programu ilihesabu siku kumi na moja na hakuna aliyetibiwa. Matroni mmoja kati ya wageni alisema hajawahi kuona kompyuta inayosema kweli namna hiyo. Mkurugenzi hakucheka. Aliuliza nani kafanya, na Mama Benchi akasimama, akasema kosa ni lake na atalirekebisha. Mwaka huo alikuwa apandishwe kuwa mkuu wa idara. Alikisubiri cheo hicho miaka minne zaidi.

Wiki iliyopita, wakati wa makabidhiano, mwandishi alifungua kumbukumbu za marekebisho ya siku zile. Kando ya mstari uliosahihishwa, Mama Benchi ameandika: "Nimerekebisha. Mwenyewe atasema akiwa tayari."

Maneno hayo yamekaa hapo miaka kumi na sita, kila mtu anaweza kuyasoma. Mwandishi akawauliza wenzake kwa kuzungukazunguka kama wamewahi kuyaona. Wote wameyaona. Hata mfagizi alishasimuliwa. Aliyekuwa hajui kwamba siri imejulikana ni mwenye siri peke yake, bingwa wa wanyapara.

Mama, mwandishi ni mimi, na mstari ule uliogandisha hospitali ni wangu. Kwanza niliogopa kufukuzwa, kisha nikaona aibu, kisha nikazoea, na woga wangu ukakugharimu cheo. Naomba unisamehe. Umeniuliza mara ngapi pale kwenye birika ninasubiri nini, nami nikajibu kwamba nasubiri chai.

Asante kwa kunivumilia, na asante kwa kila mgonjwa uliyemwinua benchi. Sote hapa tunakuombea afya njema, wajukuu wasikivu na siku ndefu za raha. Na foleni yoyote utakayoikuta huko uendako, Mama, usimpishe mtu tena.