Mzimu Uliofukuzwa

Fundi cherehani alipofunga kitabu chake katika treni ya asubuhi, mwalimu mstaafu aliyeketi mkabala naye alilitambua jalada.

“Hicho nimekisoma mara mbili, dada yangu. Yule mpelelezi anavyopambana na mzimu mpaka unatoka! Kitamu ajabu.”

“Mimi kimeniudhi, mzee wangu. Mzimu wenyewe ni wa mume wa yule mjane, na kazi yake ni kukohoa sebuleni kila jioni, basi. Kwa nini aufukuze?”

“Mzimu ni mzimu. Nyumba ilikuwa haikaliki.”

“Nani kasema? Majirani. Mjane hakuulizwa.”

Mwalimu alicheka kidogo, maana waliozoea kuuliza maswali hawapendi kuulizwa. “Ungekuwa wewe, ungeuacha?”

Fundi alitazama nje. Mumewe alikuwa na mwaka wa tatu kaburini. Kila jioni yeye husimamisha cherehani, akatega sikio kuelekea mlangoni, asisikie kitu.

“Ningeutengea kiti,” alisema.

Mwalimu alifungua kinywa amjibu, lakini treni ilikuwa imesimama, na kituo kilikuwa cha fundi.