Emilia Chrispin Nangomwa na Pikipiki Lake Panya, 1971–2025

Wakubwa shikamooni, na wadogo nawasalimu. Wasifu huu wa marehemu Emilia Chrispin Nangomwa umeandikwa na dada yake, Yuster, mwalimu mstaafu wa Newala, na ndiye anayeusoma. Ulikuwapo mwingine, ulioandaliwa na kaka yetu Cuthbert pamoja na kamati ya mazishi. Huo ulisema marehemu alikuwa mama wa nyumbani, mcha Mungu na mpole. Mcha Mungu, sawa. Mpole, jamani, tuogope uongo mbele ya jeneza. Na pikipiki halikutajwa hata mara moja. Sababu naijua: tangu juzi kuna watu wanataka lifunguliwe, kila mtu achukue kipande chake kabla hatujamfukia aliyeliunda. Hilo nitalifikia, wala msihangaike kukohoa.

Emilia alizaliwa Jumatatu, tarehe 8 Machi 1971, hapa Chiwata, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mwinjilisti Chrispin Nangomwa na Mama Isabela. Baba alizunguka vijijini kuhubiri akiwa juu ya pikipiki kuukuu aina ya BSA aliyoachiwa na padri Mwingereza aliyerudi kwao. Emilia alipoanza kutambaa, alitambaa kuelekea kwenye pikipiki. Mama alikuwa akimfuta grisi ndipo amnyonyeshe.

Alisoma Shule ya Msingi Chiwata kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, hakuchaguliwa, akalia siku nzima kisha akaacha. Mwaka 1987 alikwenda Masasi mjini kujifunza kushona. Huko cherehani moja ilikwama, na kabla fundi hajafika Emilia alikuwa ameitandaza yote juu ya khanga, kipande kwa kipande. Mwalimu wake alipoingia alikaa chini. Jioni cherehani ilikuwa inashona. Skrubu moja ilibaki, nayo Emilia aliitunza mpaka anaolewa, kwa kuwa hakuwahi kukubali kwamba alikuwa ameikosea pahali pake.

Alifungua kibanda chake karibu na stendi ya Masasi mwaka 1989. Alianza kwa kushona, akaingia kutengeneza cherehani za wenzake, zikafuata baiskeli, na mwisho pikipiki. Wanaume walikuwa wakifika na kuuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu kwamba fundi ametoka kidogo, waache tu kazi. Wakirudi wanakuta imekwisha, wanalipa, na kumwomba amfikishie fundi shukrani. Wengine wenu mko hapa, na leo ndiyo mnajua.

Tarehe 5 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Ladislaus Bonifasi wa Ndanda. Yeye Mkatoliki, sisi Waanglikana, na maneno yalisemwa pande zote mbili mpaka yakachoka yenyewe. Shemeji yangu huyu hajui kuendesha hata baiskeli. Kwa miaka zaidi ya kumi ameketi nyuma ya mkewe barabarani, na watu wamemcheka wazi kwamba anapakiwa na mwanamke. Jibu lake lilikuwa moja: "Afadhali nipakiwe nifike." Ahsante, Baba Nancy. Ulimtunza ndugu yetu.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Baba alifariki mwaka 1994, na ile BSA ikaliwa kidogo kidogo. Huyu alichukua gurudumu, yule taa, mpaka ikabaki fremu tupu. Mwaka 2011 fremu hiyo ilikuwa bandani kwa kaka yetu Cuthbert, kuku wanailalia. Emilia aliiomba mbele ya mama yetu na mbele yangu. Cuthbert alicheka sana, akasema, "Chukua, kuku nitawatafutia fito." Kaka, nakupenda, na uko hapo mbele. Usitazame chini.

Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Injini alipewa na Salmini wa gereji, ya bodaboda iliyogongwa ikapinda. Tangi alipewa na Marko, jirani yetu, aliyekuwa amezibia nalo tundu la ukuta wa choo. Gurudumu la mbele lilikuwa kubwa kuliko la nyuma, hivyo pikipiki lilikaa kama mtu anayenusa hewa. Taa ilitoka kwenye Land Rover, siti kwenye trekta, eksozi ni bomba la pampu ya maji. Hakuna kilichofanana na mwenzake. Alichomelea, akabomoa, akachomelea tena, na akiungua alitukana kwa Kimakua ili padri asielewe. Padri wetu ni Mmakua.

Liliponguruma mara ya kwanza, mbuzi wa mtaa mzima walikata kamba. Tulimsihi alipake rangi, likafanane na mali ya Mkristo. Alikataa kabisa. Alisema rangi haipandi mlima, na atakayeona aibu asipande. Likabaki na kutu yake na makovu yake ya moto, na vijana wa stendi wakaliita Panya. Watani wetu wakapata la kusema: panya tunaowala hawatutoshi, sasa tumeanza kuwapanda. Emilia alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa.

Novemba 2013 alikuja nalo kwangu Newala, Ladislaus akiwa nyuma, madumu mawili ya maji yakining'inia kushoto na kulia. Ule mlima wa kupandia mnaujua. Pikipiki mpya za watu zilikuwa zimeegeshwa pembeni zinapoa, naye akazipita, polepole, moshi mweusi kama tanuri la matofali. Alifika mlangoni kwangu uso umejaa vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana. Soda hakuniletea. Aliniletea maji, na aliyeishi Newala anajua ni zawadi gani hiyo. Siku hiyo nilijivunia kuzaliwa naye tumbo moja, na sikumwambia. Namwambia leo.

Aliowabeba ni wengi. Hakuwa na upole wa kubembeleza mgonjwa. Alimfunga kwa khanga mgongoni mwa Ladislaus, akapiga kiki, akaondoka kwenda Ndanda hospitali. Watoto wawili walikaribia kuzaliwa barabarani, na mmoja hakungoja, akazaliwa. Mvua, matope, saa yoyote, alikwenda.

Alianza kuumwa mwaka 2023. Sukari ilipanda, baadaye figo zikachoka. Wako waliosema moshi wa pikipiki ndio uliomwua. Moshi hauna habari na figo, na hilo lisirudiwe tena. Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini na minne, mumewe amemshika mkono. Mei, akiwa bado na nguvu za kuongea, alinivuta karibu na kitanda. Aliwajua ndugu zake na majirani zake. Alisema, "Dada, nikifa watakuja kudai vipande vyao. Usibishane nao. Wape spana."

Na wamekuja. Kwa desturi yetu, kabla ya kaburi kufukiwa hutangazwa kwamba anayemdai marehemu amwone msemaji wa familia. Safari hii hawakungoja tangazo. Salmini alifika Alhamisi, machozi hayajakauka, akasema injini alimwazima tu. Marko alisema vivyo hivyo juu ya tangi. Jana jioni, kwenye kikao cha ukoo, kaka yetu naye akadai fremu, kwamba ni ya baba, na ya baba ni ya mtoto wa kiume. Akashauri lifunguliwe leo, ili marehemu asilale na vitu vya watu.

Kaka, hilo la mwisho ni neno zito, na silichezei. Hata mimi sitaki mdogo wangu alale na deni. Lakini tumekulia hapa wote, na tunajua mila yetu: mali ya mwanamke hufuata upande wa mama. Mwanamke mkubwa wa upande huo aliyebaki, mama akiwa ametangulia, ni mimi. Na mimi nasema Emilia hana deni. Salmini, mkeo alifika Ndanda juu ya injini hiyo, mtoto ametangulia kichwa. Marko, baba yako alikwenda na kurudi juu ya tangi hilo mpaka Mungu alipomchukua. Kaka Cuthbert, ulipoanguka kwenye mkorosho, ulibebwa na fremu ya baba, na kuku hawakuulizwa.

Hata hivyo mtu asiseme amenyimwa. Pikipiki lile pale, ubavuni mwa kaburi. Spana zote za marehemu ziko juu ya meza, pembeni ya mashada. Mwenye kudai aje sasa, afungue kipande chake kwa mkono wake mwenyewe, sisi tukimtazama na Emilia akiwa hapa. Nitanyamaza na kungoja.

Kama nimeanza kusoma tena na hakuna aliyesimama, basi limekwisha, na asije mtu kesho kunong'ona mlangoni kwangu. Pikipiki ni la Nancy, binti wa marehemu, ambaye leseni anayo na ulimi wa mama yake anao. Litabaki zima, na halitapakwa rangi.

Marehemu ameacha mume, Ladislaus Bonifasi. Watoto wawili, Nancy na Chrispin. Mjukuu mmoja, Queen. Kaka mmoja, Cuthbert, ambaye bado ni kaka. Na dada mmoja, mimi.

Emilia, mdogo wangu, umechoka, lala sasa kwa amani ya Bwana. Wewe pumzika. Pikipiki halipumziki. Jumatatu asubuhi linakwenda Ndanda, mama mkwe wa Marko ana kliniki ya macho, na Marko mwenyewe ndiye aliyekuja kuomba.