Leota Tveit na Upeo wa Macho wa Mwezini

Ndugu waombolezaji, Bwana asifiwe. Dada yetu Leota Brandvold Tveit alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 karibu na Williston, Dakota Kaskazini, mtoto wa pili wa mzee Anders na mama Gudrun, kwenye tambarare ambako ng'ombe wa jirani unawaona hata kama huwataki, akasoma shule ya hapo hapo, kisha chuo cha Grand Forks, akahitimu hesabu mwaka 1958.

Mwaka 1963 aliajiriwa Flagstaff, Arizona, katika ofisi iliyochora ramani za mwezi kwa ajili ya watu watakaotembea huko, na kazi yake ilikuwa kukokotoa upeo wa macho, yaani mtu akisimama pale ataiona ardhi hadi wapi kabla haijajikunja na kuzama. Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na mwalimu Orville Tveit, wakajaliwa Karin na Nels.

Sasa lipo jambo ambalo mimi mdogo wake nilitaka kuliruka, lakini mwenyewe aliagiza lisomwe. Hesabu yenyewe ni fupi, unachukua kimo cha macho, unazidisha kwa kipenyo cha mwezi, unatafuta kipeuo cha pili, ila mwaka 1968 alidhani kipenyo alichopewa ni nusu kipenyo, akakizidisha mara mbili, upeo ukatoka karibu kilomita tatu na nusu badala ya mbili na nusu, na ramani zikachapwa zikiwaahidi watembeaji kuyaona mawe ya kuwaongoza wakiwa mbali kiasi hicho. Aligundua Jumapili kanisani, katikati ya mahubiri, akamwomba Mungu msamaha kwa kutosikiliza, na Jumatatu akasimama mbele ya wote ofisini akasema, "Nimekosea mimi, zirudishwe zote."

Mkuu wake, bwana Pickrell, mtu wa Kansas, akamwambia, "Mama Tveit, kilomita moja tu hiyo, kwetu naona mbali kuliko hapo bila miwani." Naye akamjibu, "Kwenu hakuna anayepumua hewa ya kubeba mgongoni. Mtu akilikosa jiwe atajiona kapotea, ataanza kuzunguka, na hewa inaisha."

"Kumbe na wewe hukosea?"

"Hukosea, bwana. Nipe kifutio."

Hakubanduka mlangoni pa mkuu huyo mpaka ramani zikakusanywa, akazikokotoa upya, na cheo alichokitarajia mwaka ule kikaenda kwa mwingine, wala hakunung'unika. Tangu hapo hadi kustaafu mwaka 1998, hakuna hesabu yake iliyotoka kabla mtu wa pili hajaifanya bila kuiona ya kwake, na hata viazi tunavyokandia mikate yetu ya Krismasi tulivipima watu wawili wawili.

Mwaka 2017 mapafu yalianza kumsumbua, akawa naye anatembea na chupa ya hewa, na usiku wa mwisho alimuuliza muuguzi hewa imebaki kiasi gani, akaambiwa inatosha, akasema, "Mwite na mwenzako aangalie." Wakaangalia wote wawili, akafumba macho, na tarehe 9 Februari 2019, Jumamosi asubuhi, Bwana akamchukua.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi hao wawili, majirani wa mtaa wetu, na wenzake wa ofisini waliokuja na fimbo zao za kutembelea. Dada Leota, macho yetu yameishia hapa, lala kwa utulivu wa Bwana, yeye anaona mbele.