Pombe ya Kesho, Lori la Leo

Kijiwe chetu cha Izia kiko ubavuni mwa mashine ya kusaga, mahali upepo wa Julai unapopungua makali. Ijumaa ile, saa saba mchana, Tadei alifika akihema. Lori la mnunuzi wa mahindi, lililokuwa lije kesho, linapita leo saa kumi na moja, na halirudi tena. Zamani ushirika ulinunua msimu mzima. Siku hizi mnunuzi binafsi anapita mara moja. Mahindi ya Tadei yalikuwa hayajapukuchuliwa. Watu alikuwa amewaalika kesho, kwa sababu pombe ya ulezi aliyowaandalia inaiva kesho, na kwetu humwiti mtu kazini wakati pombe bado changa. Na Jumatatu binti yake Dominika anatakiwa aripoti kidato cha tano.

— Kaa kwanza, unywe kahawa, akasema Isdori, karani wa zamani wa ushirika, tuliyemwita Ratiba. Una magunia mangapi?

— Kumi.

— Saa nne zimebaki. Gunia moja, dakika ishirini na nne.

— Na kushona? Na kuyafikisha barabarani?

— Basi kumi na nane. Mwenda pole hajikwai.

Masanja, mfugaji aliyehamia kwetu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akaguna.

— Ushirika ulikufa kwa dakika zako hizo, Ratiba. Sikia, Tadei. Nawashusha ng'ombe wangu wote barabarani. Lori litalala hapo mpaka kesho.

— Na dereva akiita polisi?

— Polisi naye atapitia wapi?

Hakuna aliyecheka. Saa nane ilikuwa imeshapita.

— Tuiharakishe pombe, Ratiba akasema. Chungu kifunikwe blanketi tatu, kiwekwe juani. Saa kumi imeiva.

— Jua gani, ndugu yangu? Jua la Julai hapa lenyewe linasikia baridi.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Nivumilie mpaka lini, Ratiba? Lori liko njiani.

— Basi dereva tumwambie leo Alhamisi, Masanja akasema. Ataona amewahi, atarudi keshokutwa.

Tadei alikuwa ameshika kikombe kitupu, hakiweki chini. Kivuli cha mashine kilikuwa kimefika miguuni petu.

Emerensiana, mke mpya wa mwenye mashine, aliyeletwa kutoka Laela wiki ile, alikuwa mlangoni akipepeta, akitusikiliza muda wote.

— Samahani, kaka zangu. Kaka Tadei, hawa umewaomba wakusaidie kupukuchua?

Tadei akakigeuza kikombe mkononi. Angetuombaje, mkono mtupu, bila hata kata moja ya pombe? Na sisi tungeyashikaje mahindi ya mtu bila kuitwa?

Tulikuwa wanaume wanne. Ratiba akaitazama saa yake. Masanja akaitazama fimbo yake. Mimi nikatazama njia ya kwenda kwa Tadei, si mbali, nyumba ya sita. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake ainuke kwanza.