Kidude Kilichomfuata Twaiba

Baada ya alasiri Msambweni husinzia macho wazi. Kwenye benchi la kahawa nyuma ya msikiti, moshi wa makaa ulipanda polepole na maneno yakapanda kwa mwendo huo huo. Swabir, waliyemwita Bwana Harusi kwa kuwa ndoa yake ina miezi minne tu, alikuwa ameshika kikombe bila ya kunywa. Mapenzi yalikuwa yamemlegeza, Mungu amsamehe. Kila alipopeleka macho, alimwona mkewe Twaiba jikoni.

— Nimekikomesha, akasema. Kile kidude cha kukata stima, pale ukutani jikoni.

— Alichokuwekea fundi? akauliza Chirau, jina la kijiweni Redio, maana hazimiki.

— Hicho. Kila Twaiba akigusa birika la stima, tap! chaanguka, nyumba kimya. Nikigusa mimi, kimetulia. Leo asubuhi nimeupitisha waya kando yake. Hakina kazi tena.

— Ni damu hiyo, akasema Fondo, muuza dawa za mbuzi aliyeteremka kutoka Kinango, ambaye wao humwita Daktari. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Damu ya mkeo nzito, stima yashindwa kuibeba.

— Wapi! akadakia Redio. Haba na haba hujaza kibaba. Stima hujaa kwenye waya tangu alfajiri. Mwanamke mzuri akitokea, yamwagika.

— Kwani stima ina macho?

— Sasa yajuaje njia ya kuja kwako, Daktari, na waya hauna dirisha?

— Basi ni jini. Limempenda Twaiba, lamwonea wivu Bwana Harusi.

Swabir akatabasamu. Kuonewa wivu na ukuta kulimpendeza mno.

— Hata Twaiba mwenyewe asema stima humtekenya vidole kwanza, ndipo kidude kianguke.

— Si nilikwambia? akasema Daktari. Mahaba hayo!

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa Mercy, mgeni kutoka bara, akingoja pikipiki yake izibwe pancha.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mimi si fundi. Lakini huyo mama huvaa viatu jikoni?

— Aka! akasema Swabir. Viatu huviacha mlangoni, jikoni ni mahali pa chakula. Na sakafu aiosha kutwa. Mimi ndiye niingiaye na kandambili zangu za mpira, nikagombezwa.

— Na kikianguka, stima huacha kumtekenya?

— Papo hapo.

— Sasa leo ikimshika, kitaanguka nini kuikata?

Swabir alikuwa ameshainuka, kahawa imemwagika kwenye kanzu. Alikimbia kama hajawahi kukimbia, na ndoto yote ya miezi minne ikamtoka. Alichoona sasa ni vidole vya mkewe tu, vimelowa tui. Aliogopa, wallahi.

— Twaiba! akaita kutoka uani.

Akapiga hatua mbili, akaita tena.

— Twaiba!

— Labeka, mume wangu. Sauti ilitoka kisimani, nyuma ya nyumba. Nachota maji ya birika. Mbona wahema?

Swabir aliingia ndani, akazima stima ya nyumba nzima, kisha akakaa kizingitini akalia.