Epifania Niyubahwe na Miti ya Kijito cha Kamuhanga

Marehemu Epifania Niyubahwe, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Nadine, alizaliwa tarehe 9 Juni 1975 huko Mabamba, wilayani Kibondo. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Habonimana na mama Apoline. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 wakiwa na jembe moja na mtoto mgongoni, wakalima hapo hapo mpakani hadi walipopata uraia.

Alisoma shule ya msingi Mabamba na kumaliza darasa la saba mwaka 1989. Hakuwa mtoto mpole, na familia haioni sababu ya kusema vingine leo. Aliyemwita mkimbizi alirudi kwao akitoka damu puani. Mwalimu wake alipochoka kuamua ugomvi, alimkabidhi kazi ya kugonga kengele, akamwambia, "Kama ni lazima upige kitu, piga hii." Kwa miaka miwili kengele ya shule ile haikuchelewa hata siku moja.

Tarehe 17 Agosti 1996 alifunga ndoa kanisani Makere na fundi seremala Bazilio Ndayikunda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nadine na Léonard. Mwaka 2001 walihamia Kasulu mjini, wakajenga karibu na kijito cha Kamuhanga. Bazilio alifungua karakana. Epifania aliuza mboga sokoni, nyingi akizilima mwenyewe kandokando ya maji.

Mwaka 2012 bustani za kijitoni zilipigwa marufuku, na kingo zote mbili zikapandwa miti. Mtaa uligawanyika. Wapo waliofurahia kivuli, lakini wengi walilalamika kwamba wameletewa nyoka, mbu na maficho ya vibaka. Miti ikasongamana bila mtu wa kuipunguza. Siku moja alipita bwana mwenye karatasi za maswali, akamwuliza Epifania kama anapenda miti mjini. Alimjibu, "Niulize kwanza kama napenda wanangu warudi nyumbani salama."

Jioni ya tarehe 3 Novemba 2016, Nadine, akiwa na miaka kumi na saba, alikamatwa na vibaka watatu ndani ya miti ile. Walimnyang'anya simu, na alipopiga kelele wakampiga panga la bega. Alitambaa mpaka barabarani. Mama yake alimbeba mgongoni hadi hospitali, damu ya mtoto ikimtiririka mpaka kwenye visigino.

Kulipokucha Epifania hakulia. Alinoa panga. Wanawake wapatao arobaini walimfuata kijitoni, wakaanza kuangusha miti. Mlinzi wa miti ile, mzee Gharibu, alishika shina moja kwa mikono miwili.

"Mama Nadine, mti haukumkata mwanao!"

"Ondoka, Gharibu!"

Hakuondoka. Panga lilishuka, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaanguka kwenye majani. Epifania alipoviona aliketi chini. Polisi walimkuta ameketi hapo hapo, panga liko mapajani. Januari iliyofuata alihukumiwa mwaka mmoja jela. Huko ndiko alikoanza kuugua shinikizo la damu, ugonjwa aliokaa nao hadi mwisho.

Alitoka Januari 2018. Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Machi, mvua ilinyesha mchana kutwa na ukingo ule uliobaki mtupu ukameguka. Maji yalivunja kuta za nyumba sita. Bazilio alikuwa akimtoa jirani yao, bibi kizee aliyepooza miguu. Alimfikisha mahali pa juu, kisha akarudi kuchukua vifaa vyake vya kazi. Karakana iliondoka naye ndani. Walimpata siku ya pili, amebanwa na mbao zake mwenyewe chini ya daraja.

Arobaini ilipopita, Epifania alikwenda kwa mzee Gharibu. Alipiga magoti mlangoni, akanyoosha mkono wa kulia.

"Nimekuja na mkono uliokukata. Ukate, tumalizane."

"Oya, mama, hapana," alijibu Gharibu. "Mkono wako nitaufanyia nini? Chukua jembe."

Wakaanza kupanda. Walikuwa wakigombana karibu kila siku, maana Gharibu alitaka miti mingi na Epifania alitaka kuona upande wa pili. Mwishowe walielewana: matete na mianzi chini kwenye maji, miti iachiane nafasi, matawi ya chini yakatwe hadi kupita kimo cha mtu, na njia iwe pana. Epifania alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wanawake wanaogopa wapi, na walipopaonyesha, hapo alifyeka. Wapo waliomfungia mlango, wakimkumbusha jela. Alirudi tena wiki iliyofuata. Kufikia mwaka 2023 watu walikuwa wakipiga picha za harusi kijitoni, na Nadine alipita pale kwa miguu yake, peke yake.

Tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, lori lilikuja kumwaga kifusi kwenye eneo la majimaji chini ya daraja, ambapo mtu mmoja alidai ameuziwa kiwanja. Epifania alisimama nyuma ya lori na kukataa kuondoka. Wanaume watatu walishuka. Walimpiga kwa makoleo, na alipoanguka wakampiga kwa mawe ya kile kifusi, watu wakitazama. Aliyeingilia kati ni mzee Gharibu peke yake, naye wakamvunja mbavu.

Epifania alilazwa na majeraha ya kichwa. Usiku wa tarehe 15 alizinduka, akasikia kwamba vijana wa mtaa wamekusanya petroli wakachome nyumba ya mwenye kiwanja. Akamshika Nadine.

"Mle ndani kuna watoto?"

"Wapo, mama."

"Basi nenda ukawaambie. Mimi nilimkata mtu vidole, na hakuna aliyenichomea nyumba yangu. Kimbia."

Nadine alikimbia. Aliwakuta wameshafika uani, akasimama mlangoni hadi walipokubali kuacha, wakamwaga petroli ile chini. Aliporudi wodini, alfajiri ya tarehe 16 Februari, mama yake alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Watu wawili wanashikiliwa na polisi, wa tatu anatafutwa. Familia inawaomba mwiachie sheria kazi hiyo.

Marehemu ameacha mama mzazi, watoto wawili, wajukuu watatu, na mzee Gharibu, ambaye bado amelazwa na ameomba jina lake lisomwe pamoja na majina ya ndugu.

Mungu ampe Epifania utulivu ambao hapa duniani aliupata kwa shida. Alale salama.