Msiba Kwanza, Fedha Baadaye: Maisha ya Hyacinthe Butoyi

Baba mchungaji, wazee wetu, ndugu, jamaa na marafiki mliotoka Rexdale, Malton, Scarborough na mbali zaidi ya hapo, poleni kwa msiba, na poleni kwa kungoja mabasi kwenye baridi hii. Mimi ni Pascal, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu. Kabla sijaanza nina ombi, nalo si dogo. Dada yake pacha, Candide Bukuru, anaishi kambi ya wakimbizi ya Katumba, karibu na Mpanda, nchini Tanzania, na mpaka saa hii hajui kwamba ndugu yake amefariki. Najua humu ndani wamo wenye jamaa Mpanda. Tunawaomba kwa heshima zote, mtu yeyote asipige simu huko, na sababu yake mtaisikia nikiendelea kusoma.

Marehemu Hyacinthe Butoyi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 huko Rumonge, Burundi, akiwa wa pili katika mapacha, na kwa desturi ya kwao pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, hata ukoo uwe upi. Baba yao alikuwa seremala wa vitanda, na mama yao alikuwa akiuza mawese. Alisoma shule ya msingi hapohapo Rumonge kuanzia mwaka 1956, akajiunga na chuo cha ualimu huko Bururi, akahitimu Julai 1969, akarudi nyumbani kufundisha darasa la tatu, na wanafunzi wake wachache niliowahi kukutana nao walinieleza kwamba alikuwa mkali kwa wachelewaji na mlegevu kwa watoro, jambo ambalo hadi leo sijalielewa.

Mwisho wa Aprili 1972, nchi ilipochafuka, marehemu alivuka kwenda Kigoma, na dada yake, aliyekuwa ameolewa Nyanza-Lac, alikimbilia Zaire, wazazi wao wakauawa, na tangu wiki hiyo hakuna kati ya pacha hao aliyesikia habari za mwenzake. Kutoka Kigoma marehemu alihamia Dar es Salaam, akawa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka 1979 aliambiwa kwamba Bukuru wa Rumonge amerudi kutoka Zaire na yuko Kigoma, akaomba ruhusa kazini, akapanda treni, akafika, akabisha hodi, na mwanamke aliyefungua mlango hakuwa dada yake. Alikuwa Bukuru mwingine, naye kwa miaka saba alikuwa akimngoja Butoyi wake. Walikaa kizingitini wakalia wote wawili, yule mama akampikia ugali na dagaa, na kesho yake marehemu akarudi Dar. Kuanzia siku hiyo alijiwekea sheria kwamba mtu asitafute wa kwake mwenyewe, kwa sababu anayetafuta wa kwake humwona kila mahali.

Aliingia Toronto tarehe 3 Februari 1981, akafanya kazi ya kufagia, kisha ya kuosha vyombo, kisha akawa tarishi katika ofisi ya mawakili wa mirathi katikati ya mji. Huko ndiko alikogundua kwamba wazungu wale walishindwa kuwapata ndugu wa watu wetu waliofariki kwa kuwa walitafuta watu wenye jina moja la ukoo, ilhali kwao Burundi kaka na dada wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, na kwenye karatasi wanaonekana kama wapita njia. Akaanza kutumwa yeye kuwatafuta.

Hivyo ndivyo alivyofika kwetu. Novemba 1985 mimi na dada yangu Domina tulikuwa tukiishi Kipling, tumetoka Uvira mwaka mmoja baada ya yeye kufika Toronto, na tulikuwa tukiamini mjomba wetu yuko Ubelgiji. Jumapili mchana akaja mwanamume mrefu mwenye koti fupi, akasalimia kwa Kiswahili, akaomba maji, akaketi, akatuomba na sisi tuketi, akauliza mjomba ni mtu wa namna gani, tukacheka tukimsimulia, akacheka nasi, kisha akavua kofia akasema, "Ndugu zangu, mjomba wenu alikuwa hapa Kanada, migodini Sudbury, na ametutoka tangu Machi." Alikaa nasi hadi jioni, akaenda mwenyewe kumwita mchungaji, akaondoka bila kutaja fedha hata kidogo. Siku chache baadaye akaja bwana mwingine, wa kampuni kubwa, na kalamu mkononi, akitaka tutie sahihi apate theluthi ya mali ya mjomba, mali ambayo sisi hatukujua kama ipo. Domina alimfukuza na mwiko. Tulipomaliza matanga, Hyacinthe akarudi, akatueleza kila kitu, na jambo la kwanza alilotueleza ni kwamba tunaweza kwenda kudai wenyewe bila kumlipa mtu. Tulimwacha yeye atushughulikie. Alipokuja mara ya tatu hakukuwa tena na shughuli yoyote ya mjomba, na mimi nikajua hapa nitapata shemeji.

Yeye na Domina walifunga ndoa tarehe 12 Julai 1986, na Mungu akawajalia watoto wawili, Yvan, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1987, na Carmel, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1989, ambao wanaelewa kila neno ninalosoma hapa na watanijibu kwa Kiingereza.

Septemba 1990 aliacha ofisi ya mawakili akafungua ya kwake, chumba kimoja juu ya saluni huko Rexdale, akawa mtafutaji wa wenye fedha zilizosahaulika. Kwa wasioijua kazi hiyo, mtu hufariki, na akiba yake benki, mshahara wake wa mwisho na bima yake vikabaki bila mwenyewe, na mtafutaji huwatafuta warithi, na wakipatikana yeye hulipwa sehemu ya mali hiyo. Wengi waliifanya kwa simu. Shemeji yangu alikuwa na sheria zake, na vijana waliokuja kujifunza kwake walikaririshwa hadi wakachoka: usipokee hata senti kabla mwenye mali hajapata mali yake, usidai zaidi ya sehemu moja ya kumi, usiulize jina la ukoo bali uliza nani alizaliwa akifuatwa na nani, waulize wanawake kwanza kwa sababu wao ndio wanaojua nani aliolewa wapi. Na iliyozipita zote, kwamba mtafutaji mara nyingi ndiye anayejua kifo kabla ya wafiwa, kwa hiyo kabla hajaleta fedha ameleta msiba, na msiba haupelekwi kwa simu wala mlangoni, unapelekwa kwa miguu, mtu ameketi, amekunywa maji, na fedha zingoje matanga yaishe.

Sheria hii ilimtia umaskini, nasema kweli, na nilikuwa nikimwambia. Mwaka 1994 alimkuta mzee Mohamedjaffer huko Scarborough, ambaye zamani alikuwa na duka Mpanda, akampa habari ya kifo cha kaka yake aliyekuwa Thunder Bay, akaondoka amwachie nafasi ya kulia, na wiki hiyohiyo kampuni nyingine ikampigia mzee simu ikamfanya atie sahihi akiwa bado kwenye majonzi. Kazi ya miezi mitano ikaenda hivyo. Mimi nilitukana, niseme tu, nikamwita mjinga. Yeye akaenda kumwona mzee kwenye arobaini, akapeleka tende.

Mzee Mohamedjaffer yuko hapa leo, ameketi pale mbele, na ninyi hamjui deni letu kwake. Novemba 1997 marehemu alianza kuumwa tumbo, akapungua, na Februari mwaka huu madaktari wakatuambia ni saratani ya kongosho na kwamba imechelewa. Mzee alipokuja kumjulia hali, Domina alimweleza kuhusu Candide. Mzee alirudi nyumbani akampigia mpwa wake, ambaye bado ana duka Mpanda, akamwambia aulize kila mama anayekuja kununua sabuni, si jina, maana kila kambi ina akina Bukuru tele, bali nani ni pacha wa Rumonge, mtoto wa seremala wa vitanda. Miezi minne akina mama waliulizwa. Jumapili tarehe 16 Agosti simu ililia Rexdale, na sauti ikauliza, bila salamu, "Baba alikuwa na vidole vingapi mkono wa kushoto?" Marehemu akajibu, "Vinne, na hicho cha tano kilikatwa na msumeno wewe ukiwa umeshika ubao." Baada ya hapo waliongea kwa muda mrefu, na ile simu ilikuwa ya gharama, wala hakuna aliyejali.

Tangu siku hiyo walizungumza kila Jumapili, Candide akipiga kutoka dukani kwa mpwa wa mzee. Marehemu hakumwambia dada yake kwamba anaumwa. Alimwahidi kwamba Desemba angekwenda kumwona, na Candide akaanza kukandika chumba cha kumpokea. Katika moja ya mazungumzo hayo Candide alimwambia kwamba habari ya baba aliipokea barabarani akikimbia, ya mama aliipokea kwenye foleni ya unga, na ya mume wake alitangaziwa na mtu aliyekuwa juu ya lori. "Misiba yangu yote nimeipokea nimesimama," alisema. Marehemu alikata simu, akaniita kitandani, akanishika mkono, akasema, "Wangu hapana, Pascal."

Alifariki Jumapili tarehe 18 Oktoba 1998, alfajiri, Domina akiwa amemshika, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Jioni hiyo Candide alipiga simu kama kawaida, na dada yangu, mwenye maiti ya mumewe hospitalini, alimsalimia, akamwambia Hyacinthe hayupo nyumbani, akauliza chumba kimefikia wapi, akasikiliza habari ya udongo na ya mlango mpya mpaka mwisho. Sijawahi kuona mtu akifanya jambo gumu kuliko hilo. Yvan aliuliza kwa nini tusimwambie tu, ni haki yake kujua, na mwanangu Yvan, swali lako ni la haki, na leo nakujibu mbele ya watu. Ni haki yake kujua. Ni haki yake pia kuwa na mtu wa kumshika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa ghorofa yetu waliopika wiki nzima, wanakwaya, wenzangu wa ghala la Malton walionibadilishia zamu na kuchanga nauli, watafutaji wenzake, hata wa zile kampuni kubwa, ambao nimewaona mlangoni, na mzee Mohamedjaffer, ambaye mpwa wake kesho, Jumapili, atamwambia Candide kwamba laini ni mbovu.

Nasafiri Jumatatu jioni, nitafika Dar, nitapanda treni hadi Tabora na nyingine hadi Mpanda. Nitabisha hodi, nitakunywa maji nitakayopewa, nitasikiliza habari za chumba. Lala salama, shemeji yangu, pumziko lako liwe la amani. Dada yako ataketi kwanza.